Sokwe anapepesa? Usilaumu udongo kwanza

Sokwe wetu wa udongo alikuwa na kazi moja tu: achume kijiti, akichomeke kwenye kichuguu, akichomoe kikiwa kimejaa mchwa, ale. Sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ndivyo wafanyavyo, na mtafiti Jane Goodall alipowaona mwaka 1960 wanasayansi walilazimika kufikiri upya, maana wengi waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Kwa wanafunzi wangu wa Ujiji hiyo ni habari ya jirani, kwa hiyo tukaamua kuifanyia filamu ya udongo. Siku ya nne sokwe alikuwa bado hajafika kwenye kichuguu. Alipofika, mkono ukakatika.

Naandika kwa mwalimu ambaye tayari ameanza na amekwama. Kanuni ya kazi unaijua: unapiga picha, unasogeza sanamu kidogo, unapiga nyingine, halafu programu ya simu inazionyesha haraka haraka mpaka jicho linaona mwendo. Sinema ya kawaida huonyesha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Sisi tunatumia picha 12 kwa sekunde na zinatosha kabisa.

Jambo ambalo lingeniokolea wiki mbili ni hili. Filamu ikiharibika, usikimbilie kufinyanga sanamu upya. Rudi kwenye picha, uzipitishe moja moja kwa kidole, polepole, huku ukiangalia kitu ambacho hakikutakiwa kusogea hata kidogo: ukuta wa nyuma, kona ya meza, kile kichuguu. Kama nacho kinabadilika, kosa haliko kwenye udongo. Mara nyingi kwetu halikuwa huko.

Picha inapepesa, mara nyeupe mara giza

Huu ndio ugonjwa unaoua filamu nyingi za darasani, na una wazazi wanne. Wanafanana kwa mbali, lakini kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni simu yenyewe. Simu imetengenezwa ikusaidie: kila unapopiga picha inapima mwanga upya, inalenga upya, inachagua rangi upya. Mkono wa mwanafunzi ukipita mbele ya sokwe mweusi, simu inabadili mawazo. Utaitambua kwa dalili hii: picha nzima inabadilika kwa pamoja, na rangi nayo inahama, ukuta wa rangi ya maziwa unakuwa wa bluu kidogo kisha unarudi. Kwenye simu nyingi ukibonyeza skrini kwa muda juu ya sanamu inatokea alama ya kufuli. Maana yake mwanga na ulengaji vimefungwa. Programu za kutengenezea filamu za namna hii, kama Stop Motion Studio, zina sehemu ya kufunga vitu hivyo pamoja na rangi. Funga vyote kabla ya picha ya kwanza. Ukifunga katikati, utapata mshono unaoonekana.

Wa pili ni jua. Hapa dalili ni kivuli: kinatambaa. Pitisha picha haraka utaona kivuli cha kichuguu kinazunguka kama mshale wa saa. Darasa letu lina madirisha upande wa ziwa, na kuanzia saa tisa jua linaloelekea milima ya Kongo linaingia moja kwa moja hadi kwenye dawati la tatu. Mawingu ya masika ni mabaya zaidi, kwa sababu yanakuja na kuondoka ndani ya dakika moja. Dawa ni kulifungia jua nje. Tulitundika vitenge viwili vizito dirishani, vikabaki na nyufa, tukaziba nyufa kwa maboksi. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama tunataka kuotesha uyoga. Baada ya hapo mwanga wote ulitoka kwenye taa zetu mbili, moja ya upande na moja ya mbele iliyofunikwa karatasi nyeupe ili isichome macho ya sokwe.

Wa tatu ni umeme. Umeme wetu unakamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu, mirija mirefu ya zamani hasa, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukikuta michirizi mipana ya giza imelala kwenye picha, na kila picha iko mahali pengine, ni hiyo taa. Kama programu yako inaruhusu kuchagua kasi ya kufungua kamera, weka sehemu 1 ya 50 au 1 ya 100 ya sekunde, michirizi itapotea. Kama hairuhusu, badili taa. Sisi tulihamia taa za sola zinazotumia betri moja kwa moja, ambazo hazina mpigo huo wa 50. Zina tabia yake nyingine: betri ikielekea kuisha mwanga unapungua taratibu, na ukicheza filamu unaona kama jioni imeingia Gombe. Zichaji mpaka zijae, kisha upige tukio zima kwa mkupuo mmoja.

Wa nne sikumjua mpaka nilipokaa jioni nyumbani na kuzihesabu picha zinazong'aa. Zote zilipigwa wakati msichana fulani alipokuwa amesimama kushoto. Akiondoka, giza. Akirudi, mwanga. Lilikuwa shati lake. Sare zetu ni mashati meupe, na shati jeupe lililofuliwa vizuri linarudisha mwanga kama ubao wa mpiga picha wa harusi. Tangu siku ile anayesogeza sanamu anavaa sweta la shule hata kama ni joto, na kila mtu anarudi kwenye mstari wa chaki sakafuni kabla picha haijapigwa. Mstari ule umeponya mambo mengi kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Udongo unapasuka

Sasa hapa ndipo udongo una kesi, ingawa hata hapa una mawakili.

Udongo wa mfinyanzi wa bondeni, ule ule wa vyungu, ni mzuri kwa mikono ya watoto na haununuliwi. Lakini unakauka. Ukikauka unapungua, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, wakati waya uliomo ndani kama mifupa haupungui hata chembe. Udongo unataka kusinyaa, waya unakataa, ngozi inachanika. Ndiyo maana nyufa zinaanzia kwenye viwiko, magoti na shingo, mahali ambapo udongo ni mwembamba na unakunjwa kila baada ya dakika.

Ukiona nyufa ndogo nyingi kama ramani juu ya kifua, udongo umekaukia juu tu: taa iko karibu mno, au upepo unapita. Sogeza taa, paka maji kwa kidole, ukandie. Ukiona ufa mmoja mrefu unaofuata waya, ni ule mgogoro wa kusinyaa, na kupaka maji ni kumdanganya mgonjwa. Toa udongo wa kiungo hicho, zungushia waya uzi au kipande cha kanga iliyochakaa ili udongo upate pa kushika, kisha vika udongo mpya uliolainika kuliko wa mwanzo. Ukiona vipande vinabanduka vyenye punje za mchanga, udongo haukusafishwa. Ukaushe kabisa, uponde, uloweke kwenye ndoo (mkavu hulainika haraka kuliko mbichi), uchuje kwa kitambaa chepesi, uache utulie, umwage maji ya juu na kuuanika juu ya gunia mpaka usishike vidoleni. Kisha uukande na kuupigapiga mezani, hewa itoke.

Usiku sanamu zinalala kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, chini kuna kitambaa kibichi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo, ndoo ni bora: haigusi sanamu, na panya hafungui.

Panya nawataja kwa sababu. Tulipochoka na nyufa tulijaribu kutengeneza udongo usiokauka. Plastisini ya dukani ni ya namna hiyo: unga laini uliokandwa kwa nta na mafuta badala ya maji, na kwa kuwa mafuta hayaruki hewani, haikauki. Nta ya nyuki mkoani kwetu haikosekani, na mafuta, nani Kigoma atanunua mafuta wakati kuna mawese? Tukayeyusha nta, tukaongeza mawese, tukanyunyiza unga wa udongo mkavu uliopepetwa pamoja na masizi ya sufuria ili sokwe awe mweusi. Ilikandika vizuri ajabu. Kesho yake sokwe alikuwa hana sikio na vidole vitatu, na mstari wa sisimizi ulikuwa unatoka kabatini hadi nje. Baada ya wiki akaanza pia kunuka.

Mawese tukayaacha kwa mchuzi. Mafuta ya mgando ya kupaka hayachachi na panya hayapendi. Vipimo vyetu ni kikombe cha nta iliyoyeyushwa kwa kikombe cha mafuta ya mgando, kisha unga wa udongo unaongezwa kidogo kidogo mpaka ushikike bila kung'ang'ania mkono. Ukiwa mgumu asubuhi, ongeza mafuta. Ukilegea mchana, ongeza unga. Nta iyeyushwe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe usiweke kopo juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta ikizidi joto inashika moto. Na iyeyushe mwenyewe, si mwanafunzi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, inaunguza ngozi na kung'ang'ania hapo hapo.

Kichuguu hakihitaji lolote kati ya hayo. Mwanafunzi mmoja alileta udongo wa kichuguu halisi, wenye punje na rangi yake, tukaumwagia maji na kuujenga juu ya kopo. Ukipasuka, ni kichuguu.

Mkono umekatika kabisa

Kama ni waya uliokatika, angalia ni waya gani. Waya wa kufungia nondo ni wa chuma. Ukikunjwa mara nyingi pale pale unakomaa na kukatika, na kiwiko cha sokwe kinakunjwa mara mia. Waya wa shaba wa kufungia umeme nyumbani, ule mmoja mnene, ni mlaini na unadumu. Tumia mabaki kutoka kwa fundi, usiuvue ngozi ya plastiki, na usokote nyuzi mbili kwa kila kiungo.

Sokwe anaanguka, au anainama peke yake

Akianguka mara moja na kwa ghafla, miguu ni midogo kwa kichwa hicho. Watoto wanapenda vichwa vikubwa, na wana haki, maana sura ndiyo inayoigiza. Basi mpe miguu minene, na ndani ya kichwa weka kipande cha boksi au gome jepesi badala ya donge la udongo.

Akiinama polepole bila mtu kumgusa, ni joto. Plastisini hulegea chini ya taa na Kigoma haina huruma saa nane mchana. Utaigundua kwa kupitisha picha: kichwa kinashuka kidogo kila picha hata pale ambapo hadithi inasema atulie. Hamishia kazi asubuhi, sogeza taa mbali, na katikati ya mapumziko mlaze sokwe kwenye sahani juu ya kopo la maji baridi.

Kumshikilia chini kuna njia mbili tulizozipenda. Ya kwanza ni jukwaa la boksi nene lililoinuliwa juu ya matofali mawili: pini inapita kutoka chini hadi kwenye unyayo, akihama unaziba tundu kwa udongo. Ya pili ni sumaku ya spika mbovu. Weka nati ndani ya kila unyayo, jukwaa liwe sinia la alumini, sumaku ishikwe chini yake. Usitumie sinia la chuma, kwa kuwa chuma kinameza nguvu ya sumaku na juu hakibaki kitu. Sumaku ina hila moja: ukiisogeza bila kumshika sokwe mabegani, anarushwa. Wanafunzi waligundua hilo haraka na kwa nusu saa hakuna aliyetengeneza filamu, walikuwa wanachezesha ngoma.

Mandhari yote inaruka

Ukuta, meza na sokwe vimehama pamoja? Simu imesogea. Sababu kubwa ni kidole kinachogusa skrini. Weka kipima muda cha sekunde 2, au chomeka spika za masikioni zenye waya na upige kwa kitufe cha sauti. Simu nyingi zinakubali. Stendi ikiwa nyepesi, ining'inizie kifuko cha mchanga. Mchanga wa ufukweni hauna bei.

Kama meza imehama na ukuta umetulia, mtu ameegemea meza. Zungushia miguu ya meza alama za chaki ili muweze kuirudisha. Programu nyingi zina uwezo wa kuonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya ile unayotaka kupiga. Kwa kivuli hicho unaweza kurudisha simu mahali pake hata baada ya mtu kuipiga kikumbo. Tukio likiwa limeharibika sana, usihangaike: ingiza picha ya karibu ya uso wa sokwe akishangaa, kisha endelea kutoka kwenye mkao mpya. Mtazamaji atadhani ni ufundi.

Filamu imeisha kabla haijaanza

Hii inawaumiza watoto kuliko zote. Wamefanya kazi siku nzima, wamepiga picha 100, na filamu ni sekunde 8. Gawa 100 kwa 12 mbele yao ubaoni kabla ya kuanza kazi, si baada. Dakika moja ni picha 720. Sasa hesabu inapata maana: hadithi inapunguzwa, ng'ombe aliyekuwa apite nyuma anaondolewa, na babu aliyekuwa asimulie mwanzoni anakwenda kupumzika.

Jaribu la kupunguza kasi hadi picha 5 kwa sekunde ili filamu irefuke litakuja. Likatae. Mwendo utakuwa wa kukata kata kama foleni ya kivuko.

Sokwe akionekana anateleza kama yuko kwenye barafu, kila hatua ni sawa na nyingine. Kitu chenye uzito huanza polepole, kinashika kasi, kisha kinapungua. Kwa mkono unaokwenda kwenye kijiti, sogeza milimita 2, kisha 4, kisha 8, 8, 8, halafu 4, 2, na picha tatu bila kusogeza chochote. Zile tatu za kutulia ndizo zinazomfanya aonekane anafikiri. Nilimtuma kijana mmoja ainuke dawatini na kuchukua chaki mara kumi huku wenzake wakihesabu sekunde. Walijifunza zaidi hapo kuliko kwenye maelezo yangu.

Mambo madogo yanayokula muda

Alama za vidole zinazochezacheza juu ya mwili wa sokwe si kosa kubwa; zinampa manyoya. Usoni ni kosa. Lainisha kwa kidole kilichoguswa maji ikiwa ni udongo wa kawaida, au mafuta kidogo ikiwa ni wa nta. Rangi zikichanganyika, mpe kila mtoto rangi moja asiihame, na kitambaa chake. Mkono wa mtu ukionekana kwenye picha, futa picha hiyo hapo hapo kabla hamjasahau; mpiga picha wetu hutamka “mstari!” na kusubiri miguu yote irudi nyuma ya chaki.

Simu iwe kwenye hali ya ndege. Nilipigiwa na dada yangu katikati ya tukio la mchwa, simu ikatetemeka, ikajisogeza sentimita nzima. Picha moja ya megabaiti 3 mara 720 ni zaidi ya gigabaiti 2, kwa hiyo punguza ukubwa wa picha hadi upana wa nukta 1920 kabla ya kuanza, na hamishia picha kwenye kompyuta ya shule kila jioni. Kama simu ni yako binafsi, toa picha zako za familia kwanza. Watoto wana macho.

Wanafunzi 50 hawawezi kuzunguka sokwe mmoja. Kundi la watano linatosha kwenye meza: wawili wanasogeza, mmoja anapiga, mmoja anaandika namba ya picha na nini kilisogea, mmoja analinda mstari. Wengine wanafinyanga miti, mawimbi ya ziwa, na mchwa. Mchwa wanaohitajika ni wengi sana.

Sauti haisikiki, au mvua anaisikia kila mtu

Bati letu na mvua ya Novemba haviruhusu kurekodi mazungumzo. Rekodi sauti siku nyingine, ndani ya gari lililofungwa vioo au chini ya blanketi nzito. Ikiwa sokwe anatakiwa kusema kwa mdomo, sauti itangulie picha, ili ujue kila neno linachukua fremu ngapi. Wetu hasemi, anatafuna tu. Sauti ya kutafuna ni ya mwanafunzi mmoja akila dagaa wakavu, simu ikiwa sentimita tano kutoka mdomoni. Tulirudia mara sita. Mara ya sita ilikuwa nzuri, na dagaa walikuwa wameisha.